Njo Vile, Shemeji

Marehemu bwana yangu hakuweza kumvumilia mtu anayeimba peke yake. Si kwamba hakupenda muziki. Muziki aliupenda kuliko bukari, ugali wetu, na mimi niliyekuwa nikisonga hiyo bukari ndiye shahidi. Lakini alitaka orkesta nzima: waimbaji wamejipanga mbele, mmoja anaanzisha, mwingine anaitikia, wa tatu anatia utani, halafu magitaa yanaingia na kuwafukuza wote, watu wanaacha chupa zao na kusimama kucheza. Hapo angepiga paja lake na kusema, "Bon! Sasa tumefika."

Shida ni kwamba miaka ile ya Zaire waimbaji walikuwa wameanza kujitoa. Kila mara unasikia fulani ameacha orkesta yake kule Kinshasa, ametoa sahani ya muziki yake mwenyewe. Ukitazama jalada, yuko yeye tu, suti nyeupe, mguu mmoja juu ya bampa ya motokari ambayo hata mutoto angejua si yake. Bwana yangu alikuwa analigeuza lile jalada huku na huku na kuuliza, "Na wenzake wako wapi? Wamekufa?"

Mimi niliwapenda hao. Nilimwambia: mtu akiimba peke yake hana mgongo wa kujificha. Akikosea, amekosea yeye. Akilia, analia yeye. Orkesta yako hiyo, nilimwambia, ni kama watu wa matanga, kila mmoja anapiga ukelele, huwezi kujua nani ana uchungu kweli. Naye alikuwa na jibu lake tayari: "Na huyo wako akilia peke yake, nani atamwambia nyamaza?"

Sahani zilifika Kalemie, mji wetu wa kando ya ziwa, kwa treni, kupitia Kabalo, na treni yenyewe ilikuja ilipotaka. Wimbo uliokuwa mpya kwetu, Kinshasa walikuwa wamekwisha kuuchoka. Hatukujali. Mwenye duka mmoja karibu na stesheni alikuwa anaweka spika mlangoni, anapiga mwanzo tu wa wimbo, halafu anakata, ili watu waingie kununua. Bwana yangu alikuwa fundi wa mitambo bandarini. Akitoka kazini anapita pale, mikono imejaa grisi, na mwenye duka anampigia kelele asiguse jalada. Basi alikuwa anarudi nyumbani ameshika sahani yake kwa gazeti, kama mtu aliyebeba samaki mbichi.

Tulikuwa na sheria yetu. Jumapili nikitoka misa, kama umeme upo, pikapu inatolewa barazani. Pikapu ndivyo tulivyoiita mashine ya kupigia sahani. Mara ya kwanza wimbo unapopigwa, hakuna kusema. Hata ukikuchoma moyoni, unabana mdomo. Mara ya pili, kila mtu anatoa yake. Maneno yalikuwa ya Kilingala, nasi Kilingala tulikishika nusunusu, kile cha kujibia wanajeshi barabarani. Hiyo haikutuzuia kutoa hukumu. Hakimu gani duniani anaelewa kila kitu?

Kulikuwa na kijana mmoja, sauti yake laini sana, ambaye alitoa sahani aliyoimba sauti zote yeye mwenyewe. Studio zilikuwa zimejifunza ufundi huo. Anaanzisha, halafu anajiitikia. Bwana yangu alicheka mpaka akakohoa.

"Mama, unasikia? Uyu muntu anajijibu! Kama yule mwendawazimu wa sokoni!"

"Mwendawazimu wa sokoni hajui kuimba hivi," nikamwambia.

"Umeshamwomba aimbe?"

Tulibishana mpaka sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ikaungua chunguni. Nikampakulia hivyo hivyo, imeungua, akaila yote bila kukubali kushindwa. Mimi pia niliila. Nilikuwa namchukia yule mume wangu kwa dakika kama hizo, namchukia kwa raha kabisa.

Mungu hakutupa mtoto. Nyumba za jirani zilijaa vilio vya watoto, yetu ilijaa ubishi. Mama mmoja wa nyumba ya nyuma alikuja siku moja amejifunga kitenge kifuani, tayari kutuamua, akidhani tumeshikana mashati. Akatukuta tunagombania ubeti wa tatu wa wimbo, kama ungefaa kukatwa au ubaki. Alisimama pale kidogo, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Ninyi hamna kazi," akaenda zake. Alikuwa na haki.

Bwana yangu alikufa kwa homa, mvua zilipoanza. Alianza kulalamika kichwa, na juma halikuisha. Sitaeleza zaidi ya hapo. Kifo cha bwana wako si kitu cha kupamba.

Sasa ni lazima niseme sisi tulikuwa watu wa namna gani, maana mambo yote yaliyofuata yalitoka hapo. Mimi ni mtu wa Moba, binti wa wakulima, Mkatoliki toka tumboni. Yeye alikuwa wa kaskazini, wale waliotelemka na ziwa kutoka upande wa Fizi, wavuvi na wachuuzi wa ziwani, watu wa kanisa la Kiprotestanti. Tulipooana kila upande uliguna. Tukaishi vizuri, lakini kila mmoja alibaki na mila za kwao amezificha sandukuni, na siku ya msiba ndiyo sanduku la kwao lilifunguliwa. Mama mkwe alishuka na boti, akapanga kilio chote kwa desturi zao: nivae nini, nikae wapi, nani aniletee maji. Hakuwa mkali. Alikuwa mama mwembamba, mpole, anayejua kila kitu kinapaswa kuwa wapi. Pikapu aliizungushia kitenge, akaipandisha juu ya kabati.

"Miziki ya dunia itangoja huko mpaka kilio kitoke," alisema.

Kwao kilio hutoka baada ya mwaka, wakati mwingine na zaidi. Sikubisha. Wakati ule hata ungenipigia malaika nisingesikia.

Lakini hamu ilirudi. Ilirudi kama njaa inavyorudi kwa mgonjwa, ghafla, na mimi nikaona aibu. Na iliporudi niliona kwamba kusikia hakukuwa shida yangu. Ng'ambo ya barabara palikuwa na baa, nayo haikuwa na kilio. Upepo ukitoka ziwani nilipata wimbo mzima, na ukigeuka nilipata mwanzo bila mwisho, au kiitikio bila mwenye kuitikiwa. Nilikuwa nasikia kila sahani mpya iliyoingia mjini. Kilichokuwa kinaniwasha ni ulimi. Nilikuwa na maoni, maoni mazuri, makali, na yalikuwa yananiozea mdomoni.

Siku moja nilikuwa uani nachambua ndakala, dagaa wa kwetu. Wimbo mpya ukapigwa kule baa, wa dada mmoja aliyekuwa akicheza nyuma ya waimbaji wanaume, sasa amesimama mbele na sahani yake mwenyewe. Nikasikiliza. Nikasema kwa sauti, "Uyu anameza mwisho wa maneno." Nikangoja. Kuku akanitazama. Basi nikajijibu mimi mwenyewe, nikaifanya sauti iwe nzito: "Anameza sababu ana njaa. Angebaki kwenye orkesta, wangemulisha." Nikacheka. Halafu nikajisikia nimecheka peke yangu katikati ya uani, mkono umejaa magamba, na hofu ikanishika. Niliingia ndani nikalia kuliko nilivyolia makaburini.

Nilijaribu wengine. Wanawake wa kanisani walikuja kuniona, wakakaa kwenye mkeka, na wimbo ukipita nawaambia, "Lakini huyu kijana, tangu ajitoe kwenye orkesta amekuwa mvivu, wimbo mzima kiitikio tu." Wanasema, "Ndiyo, mama. Kweli, mama. Pole, mama." Siku nyingine nawaambia kinyume, ni yule yule kijana, nasema hakuna kama yeye. "Ndiyo, mama. Kweli, mama." Walinihurumia. Wangenikubalia hata kama ningesema ziwa limekauka. Mtu anaweza kufa kwa njaa mbele ya sahani iliyojaa huruma, na hii sahani ninayosema ni ya chakula.

Basi kulikuwa na mdogo wake marehemu.

Shemeji yangu alifuata mgongo wa bwana yangu. Alikuwa anafanya kazi Bendera, kwenye mitambo ya umeme, na kila alipopata ruhusa alikuja na lori la mizigo, ananiletea unga wa muhogo na mboga za kule. Alikuwa bado kapera, ingawa miaka ilikuwa imeanza kumcheka. Mtu msafi, hanywi, anavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Na alipenda muziki! Nilijua toka zamani, maana akija alikuwa anakaa pembeni siku zetu za ubishi, anatabasamu, hasemi. Kule Bendera walikuwa na redio nzuri, na umeme hauwakatikii, si ndiko unakotoka? Nyimbo ambazo mimi nilizipata kwa vipande, yeye alizisikia zimekamilika.

Mara ya kwanza alipokuja baada ya mazishi, nilimkalisha kwenye ngazi za baraza, nikamletea chai, na kabla hajaimaliza nikamwuliza: "Ile mpya ya dada anayemeza maneno, umeisikia?"

"Nimeisikia, shemeji."

"Anameza, au hamezi?"

Akazungusha kikombe. "Njo vile, shemeji. Anameza."

Moyo wangu uliruka. Nikasema, sasa huyu atasema na lake. Nikangoja. Akanywa chai.

Ikawa hivyo kila safari. Nilimwambia yule kijana wa kujijibu ndiye mfalme wao wote. Njo vile, shemeji. Nilimwambia kuna mmoja wa Lubumbashi ambaye afadhali angerudi kuuza mafuta ya taa. Njo vile, shemeji. Nilianza kumtega. Jumamosi nasema wimbo fulani ni mrefu mno, Jumapili nasema ni mfupi, mtu anaanza tu kuupenda unakwisha. Anainamisha kichwa, anatabasamu lile tabasamu lake. "Njo vile, shemeji. Ni mufupi." Mawe, mama yangu! Nilitaka kumrushia mwiko. Nilikuwa nakwenda jikoni nakaza meno, najiuliza tumbo moja linawezaje kuzaa watu wawili wa aina hii, mmoja jiwe, mwingine maji.

Kilio kilipokaribia kutoka, mama mkwe aliniita ndani, akafunga mlango. Alinieleza kwa upole, ameshika mkono wangu. Kwao mjane hatupwi. Mdogo wa marehemu anachukua nafasi ya kaka yake, nyumba inabaki na mtu wake, mama anabaki na jiko lake. Shemeji amekubali. Siku ya kutoa kilio, mbele ya ukoo, atanipa kitenge kipya magotini. Nikijifunga, basi, nimemkubali. Nikikikunja na kukirudisha, pia basi, nitarudi kwa watu wangu na hakuna atakayenitukana.

Nyumba ile tuliijenga mimi na bwana yangu, matofali tulichoma wenyewe. Lakini kwa watu wa kwao nyumba ya mwanamume ni ya ukoo wake, na niliyajua hayo nilipoolewa. Ukipenda boga, upende na ua lake. Kwa hiyo nilijua ninachopima: nikimkubali shemeji, ninabaki kwangu, na mwanamume mwema mezani. Nikimkataa, ninatoka na masufuria yangu.

Dada yangu alikuja kutoka Moba kunishauri. Alimtazama shemeji siku nzima, jinsi anavyochota maji, jinsi anavyoongea na mama yake. Tulipobaki wawili akasema, "Umepata bahati ambayo wengine wanaifungia sala za novena siku tisa. Unasita nini?"

"Hanibishii," nikasema.

"Nini?"

"Hanibishii. Chochote ninachosema juu ya nyimbo, anakubali."

Dada yangu alinitazama kama mtu anayetafuta homa usoni mwangu. Halafu akaanguka kucheka, akapiga magoti yake. "Weye! Wanawake wanalala na macho mekundu kwa kupigwa, wewe unalia sababu bwana anakuambia ndiyo?" Nami nilicheka, maana aliposema hivyo ilikuwa upuuzi kweli. Lakini nilipobaki peke yangu haikuwa upuuzi. Nilijiona nimekaa baraza ile ile miaka ishirini mbele, nasema kitu, na kitu changu kinanirudia kilivyo, hakijaguswa na mtu. Ingekuwa upweke wa watu wawili, na huo nauogopa kuliko wa mtu mmoja.

Hata hivyo sikuwa nimeamua. Nataka ieleweke. Asubuhi ya siku yenyewe, waliponinyoa na kuninawisha na kunivua nguo za kilio, nilikuwa naelekea kukubali. Nilikuwa nimechoka, na alikuwa mtu mwema.

Ukoo ulijaa uani, waume upande huu, wake upande ule, masufuria ya wali na samaki wa mikebuka wa kukaanga yanapita juu ya vichwa. Mama mkwe mwenyewe aliipandia ile kabati akashusha pikapu, akaifungua kitenge, akaifuta vumbi. Kwao kilio kikitoka muziki unaruhusiwa hata kwa watu wa kanisa, mara moja hiyo. Shemeji akatoa kwenye mfuko wake sahani mpya kabisa. Ya yule kijana wa kujijibu! Ilikuwa imefika kwa treni ile ile ya juma lile, hata baa hawakuwa nayo. Alinitafutia. Aliipachika taratibu, akashusha sindano, akarudi akakaa mbele yangu na kitenge kilichokunjwa mapajani mwake.

Nilinyamaza kwa desturi ya nyumba yangu. Mara ya kwanza husemi.

Jamani, ilikuwa mbovu. Kijana alikuwa amekwenda kurekodi Ulaya, na huko wamemtolea wapiga ngoma wake wote wakamtilia ngoma za mashine, tiki-taka, tiki-taka, hazipumui. Sauti yake iko chini kabisa, unamsikia kama mtu anayeita kutoka chumba cha nyuma mlango umefungwa. Hata kujijibu ameacha. Anasema neno, halafu mashine inajibu. Mimi niliyempigania mtu yule miaka yote, niliyeunguza sombe kwa ajili yake, niliona haya. Na nikamwona bwana yangu, nilimwona wazi kabisa, anafungua mdomo kunimaliza, na hakuna mtu wa kunimaliza. Pale palikuwa na watu wengi kuliko siku ya arusi yangu.

Wimbo ukaisha. Shemeji akaweka kitenge magotini pangu. Kilikuwa cha buluu, na ndege.

Sikukigusa. Nilimtazama machoni, nikasema kwa sauti, kila mtu asikie, "Sahani hii iko muzuri kuliko zote alizotoa."

Akaitazama sahani, ilikuwa bado inazunguka bila sauti. Akamtazama mama yake. Akanitazama mimi. Nilimwomba kwa macho. Sijawahi kumwomba mtu kitu kama nilivyomwomba yule mtu aniambie kwamba mimi ni mwongo.

"Njo vile, shemeji," akasema. "Kuliko zote."

Nilikikunja kitenge vizuri, pembe kwa pembe, nikakirudisha mikononi mwake.

Hawakunitukana. Mama mkwe alitimiza neno lake, hata alinifungia chakula cha njiani. Dada yangu ndiye aliyenitukana, kwa wiki nzima, halafu akapanda boti ya Moba bila mimi, maana sikutaka kurudi kulima milimani na kuitwa yule mjane mjinga. Nilipata chumba karibu na daraja la Lukuga, kwa mama mmoja aliyekuwa anauza mkaa. Nikashona vitenge vya watu kuishi. Pikapu ilibaki na nyumba. Sikuiomba.

Chumba kile hakikuwa na baa karibu. Nilisikia maji ya Lukuga na treni zikipita, basi. Siku za kwanza nilijipongeza, nikajiambia bora ukimya wa kweli kuliko ndiyo ya uongo. Baadaye niliacha kujipongeza. Nilikuwa namsimamisha mama wa mkaa mlangoni kumwuliza kama amesikia sahani gani mpya sokoni, naye alikuwa mtu wa kwaya, anasikiliza nyimbo za Bwana tu. Niliyataka mwenyewe, na nilijua hivyo kila saa.

Lori la Bendera lilisimama mbele ya nyumba ile mchana mmoja wa kiangazi, injini haikuzimwa. Nikatoka na sindano mdomoni. Shemeji alishuka na kitu kizito amekifunga ndani ya kitenge, kile cha buluu chenye ndege.

"Shemeji, nimekuletea hii," akasema. "Mama anasema ni ya ukoo. Mimi nikamuambia ukoo hauna masikio."

Akaitua juu ya meza yangu ya kushonea, akaifungua. Nilitoa sindano mdomoni. Ilikuwa pikapu yetu.

"Na ile sahani nimeiacha ndani yake. Ile mubaya."

"Ile nini?"

"Mubaya, shemeji. Mubaya sana!" Mtu yule alipandisha sauti. Sikuwahi kumsikia anapandisha sauti. "Ngoma gani zile? Ni cherehani ya fundi mulevi. Siku ile uliposema iko muzuri kuliko zote, nilishangaa, nikasema labda kilio kimemuziba shemeji masikio. Na yule dada! Mwaka mzima unasema anameza maneno. Hamezi hata moja. Ni spika ya ile baa ndiyo mbovu. Kule Bendera tunamusikia mpaka pumzi. Na yule kijana zamani, kaka alikosea, na wewe ulikosea. Hajijibu. Muntu anayejijibu hachelewi. Yule anaanzisha, halafu anangoja kidogo, ndipo sauti ya pili inaingia. Sikiliza tena. Anangoja."

Nilishika ukingo wa meza. "Na mbona hukusema? Mwaka mzima umekaa kwenye ngazi zangu, njo vile, njo vile!"

Akashangaa kweli. "Lakini kwetu mujane habishiwi! Mpaka siku atakayotoa jibu lake mbele ya ukoo. Ukimubishia kabla, ni kama unamusukuma marehemu atoke nyumbani. Mama alinikataza toka siku ya mazishi. Nilikuwa nauma ulimi, shemeji. Nikifika Bendera nilikuwa nawaeleza wenzangu yote niliyotaka kukujibu." Akapunguza sauti. "Nilifikiri unajua."

Kwetu Moba mjane anaambiwa hata chumvi imezidi. Nilimwambia hivyo, nikamwambia pia kwamba juu ya yule kijana hajui kitu, kule kuchelewa ni kosa la fundi wa studio. Akasema fundi hawezi kukosea mahali pale pale kila ubeti. Nikasema anaweza akiwa mlevi kama wa cherehani yako. Akacheka, akapiga paja. Tulisimama pale mlangoni tunarushiana, mikono juu, mama wa mkaa ameacha kupima debe lake anatutazama, na mimi damu ilikuwa inakimbia mwilini mwangu tena, nilikuwa naisikia mpaka kwenye vidole. Dereva akapiga honi. Hatukujali. Akapiga tena.

"Utakuja tena lini?" nikamwuliza.

Aliangalia lori. "Mama amenitafutia bibi. Binti wa kwetu, kaskazini. Tunafunga ndoa Pasaka."

"Anapenda muziki?"

"Sijui, shemeji." Akakunja kile kitenge, halafu akakiacha juu ya meza. "Kila kitu ninachosema, anakubali."

Alipanda juu ya magunia, lori likavuka daraja. Nami juu ya yule dada wa kumeza maneno nilikuwa bado sijamjibu.